Kengele ya Dakika Tano

Mimi ndiye ninayehesabu dakika. Wenzangu mle ndani wana kazi za kusifiwa: mmoja anapitisha mrija kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, mwingine anachoma dawa, mwingine anamshika mgonjwa mkono na kumpa maneno matamu. Mimi nakaa pembeni nyuma ya kioo chenye madini ya risasi ya kuzuia mionzi, naendesha mashine ya eksirei, na kazi ikiisha naandika kwenye rejista: mgonjwa fulani, dakika kadhaa za mionzi. Miaka ishirini na minne sasa. Anayeniuliza kama nimechoka namwambia auulize mgongo wangu, maana ile aproni ya risasi si gauni la harusi.

Chumba chetu kinashughulikia mapigo ya moyo yaliyopotea njia. Moyo una umeme wake, na umeme ukipata njia ya mkato, moyo unakwenda mbio bila sababu. Daktari anaitafuta ile njia ya mkato kwa mrija, akiipata anaiunguza kwa ncha yake, mchezo umekwisha. Shida ni kuona. Zamani tulikuwa na namna moja tu: unakanyaga pedali, eksirei inawaka, kivuli cha mrija kinatokea kwenye skrini. Ukiinua mguu, giza.

Bosi wetu alikuwa hainui. Tulimwita Fundi Cherehani, kwa jinsi alivyokaa na mguu juu ya pedali asubuhi mpaka mchana. Jina alilijua na hakulichukia. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Mguu ndio uliokuwa mzito.

Sasa, mashine ina kengele. Kila zikitimia dakika tano za mionzi inalia, na hainyamazi mpaka mtu abonyeze kitufe chekundu kilicho mezani kwangu. Nadhani aliyeibuni alitegemea watu washtuke, wajiulize kama bado wana haja ya kuwasha. Weee! Sisi tuliiona kero tupu. Mtu yuko kwenye kazi nyeti, mara piiii. Fundi Cherehani hata hakuwa na haja ya kusema neno. Akiguna tu, mimi nimeshazima.

Kulikuwa na jambo la beji pia. Kila mmoja wetu anapewa beji ya kuvaa kifuani, inakusanya mionzi inayompata, na mwisho wa mwezi nazipeleka kwenye ofisi inayozisoma. Ukizidi kiwango unapumzishwa. Fundi Cherehani hakutaka kupumzishwa, kwa hiyo beji yake ililala kwenye droo ya chai, katikati ya vijiko. Kila mwezi niliitoa, nikaifuta sukari, nikaipeleka. Kila mwezi jibu likaja: sifuri. Nilijua, nikafumba macho. Mwaka juzi wale wa ofisini wakamtunuku cheti cha mfano bora wa kujikinga na mionzi, kikatundikwa koridoni, na sisi tukacheka mpaka mbavu zikauma. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote. Baadaye tukaomba kioo kipya cha kukinga macho ya daktari, tukajibiwa kwamba chumba chenye sifuri hakina haja ya kioo. Siku hiyo hatukucheka.

Basi, tukiwa katika hali hiyo, Mkaguzi akarudi.

Mkaguzi tulimpa jina hilo alipokuwa na miaka sita, kwa sababu hakukubali kulala mezani kabla hajaambiwa kila waya unakwenda wapi. Alizaliwa na moyo wenye chumba kimoja tu cha kusukuma damu mahali pa viwili. Alipasuliwa mara tatu kabla hajang'oka jino la utoto, njia za damu zikaelekezwa upya, na katikati ya upasuaji huo wote alikuwa akiletwa kwetu kupigwa picha za ndani. Sasa ana miaka ishirini na miwili, ni fundi nguo, na wiki iliyotangulia alizimia akaangukia cherehani. Moyo ulikwenda mapigo mia mbili na kumi kwa dakika. Vidonge vilikuwa vimeshindwa kazi.

Alikuja na mama yake, wakanikuta naning'iniza aproni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. We Mkaguzi, umerefuka hivi nani kakuruhusu?"

"Nimejiruhusu mwenyewe." Akaketi, akachukua daftari mikononi mwa mama yake. Daftari hilo nalifahamu. Limevikwa jalada la gazeti, na mama ameandika humo kila siku ambayo mwanawe alilazwa: alipewa nini, alikula nini, nani alisema nini. "Mama ameandika mpaka siku niliyomtapikia muuguzi," Mkaguzi akasema. "Kitu kimoja hakimo. Mionzi. Nimesoma kwamba kwa mtu kama mimi inajumlishwa tangu utotoni. Wewe ndiye unayehesabu, shangazi. Ni dakika ngapi mpaka sasa?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Jibu la kweli lilikuwa sijui. Kila alipokuja tulifungua fomu mpya, nikaandika za siku hiyo, nikafunga. Kuhesabu nilikuwa nahesabu, kujumlisha, hapana.

"Nipe siku tatu," nikamwambia.

Mchana wa siku tatu nilishinda stoo, napiga chafya, nafungua rejista ambazo panya walishaonja pembe zake. Nilimpata mara kumi na nne. Mara ya kwanza alikuwa na siku tisa duniani. Jumla ilikuja dakika mia nne na kumi na mbili, na chini ya kila mstari palikuwa na sahihi moja, yangu. Nilirudia hesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Niliwaambia bila kuzungusha. Mama alinikazia macho. "Mlikuwa mnatuambia ni picha tu."

"Zilikuwa picha tu, mama. Ila nyingi."

Mkaguzi hakulia. Aliandika 412 kwenye daftari, akalizungushia duara. "Kwa moyo huu nitarudi tena hapa, na tena," akasema. "Mionzi ikishaingia haitoki. Sitaki moyo upone halafu saratani inikute sijatimiza hata arobaini. Safari hii mnataka ngapi?"

Swali lilikuwa zuri kwa sababu tulikuwa tumepata mashine mpya, ile ya ramani. Hii haitumii mionzi. Mgonjwa anabandikwa vipande mgongoni na kifuani, mrija ukitembea ndani ya moyo mashine inajua uko wapi, na moyo wenyewe unajichora kwenye skrini kwa rangi. Mtaalamu wake alikuwa daktari mmoja kijana, mwanamke, aliyekuwa amerudi kutoka mwaka mzima wa kujifunza kitu hicho. Tulimwita Ramani, jina lingine lingetoka wapi. Tulikaa wote pamoja, Mkaguzi na mama yake, Fundi Cherehani, Ramani na mimi.

"Dakika tatu za kuingilia," Ramani akasema, "maana njia zake zimepindapinda tangu upasuaji. Baada ya hapo tunazima. Zikizidi sana, tano."

"Tano," Fundi Cherehani akakubali. Kazi angeifanya yeye. Mama alisema wazi kwamba aliyemshika mwanawe tangu utotoni ndiye atakayemshika tena, hataki majaribio.

Mkaguzi akamgeukia. "Daktari, nasikia wanakuita Fundi Cherehani."

Mimi nikatazama dari.

"Wanasema hivyo, eh?"

"Mimi ndiye fundi wa kweli hapa, kwa hiyo nikwambie. Nikifika kwenye kona ya kola nainua mguu, nageuza kitambaa. Asiyeinua mguu kwenye kona anaharibu nguo ya mtu."

Fundi Cherehani alicheka mpaka akavua miwani. "Nitainua, mkubwa."

Hapo Mkaguzi akanishika mkono, kwa kuwa alijua nani wa kumwamini kwenye mambo ya namba. "Na zikifika tano utasema?"

"Kengele italia, nami nitasema."

"Ahadi?"

"Ahadi. Mimi ni mtu wa kudanganya?"

Siku ya kazi alilazwa mezani saa mbili asubuhi. Alipewa dawa ya kumtuliza tu, maana usingizi mzito unayaficha yale mapigo tunayoyatafuta. Fundi Cherehani alisimama kuliani kwake na mirija, Ramani akaketi kwenye skrini ya ramani, mimi nikakaa kwenye kona yangu. Kuingia kulikwenda vizuri. Mrija ulipita kwenye zile njia zilizopindwa kama mtu anayeijua nyumba yake gizani. Nilitazama saa ya mionzi: dakika mbili na sekunde hamsini. Nikajisemea, leo tutaweka historia.

Ramani akaanza kuchora. Moyo ule wa ajabu ukajitokeza kidogo kidogo kwenye skrini, nyekundu pale umeme unapoanzia, halafu njano, kijani, mpaka zambarau pale unapoishia. Waliuchokoza moyo kwa umeme mdogo na mapigo yakaanza mbio, mia mbili na kumi, kama yalivyotakiwa. "Sogea kushoto kidogo, daktari," Ramani akasema. "Kushoto. Bado. Umepita."

Fundi Cherehani akakanyaga pedali. "Nahakikisha tu."

Akainua. Akakanyaga tena. "Sogea juu," Ramani akasema, na bosi akakanyaga. Mkaguzi alikuwa anapumua juu juu, jasho limemtoka, na mimi nilikuwa namtazama yeye, presha yake, uso wake. Namjua tangu ana siku tisa. Kazi ilikuwa ngumu na kila mtu roho ilikuwa juu.

Kisha kengele ikalia. Fundi Cherehani akaguna. Nikatazama mezani kwangu, nikakuta kidole changu tayari kiko juu ya kitufe chekundu na kengele imenyamaza. Nikatazama saa.

Haikusema tano. Ilisema kumi.

Ina maana ile ya tano ilishalia. Ililia, nikaizima, na sikuisikia hata kidogo. Kidole kilikwenda chenyewe kama kilivyokwenda miaka ishirini na minne, mimi nikiwa nafikiria mengine. Jamani! Siku moja tu niliyoahidi kuisikiliza.

"Daktari," nikasema, na sauti yangu ikatoka ndogo. "Dakika kumi."

"Bado kidogo."

"Tulisema tano."

"Bado kidogo, nimesema." Na mguu ukashuka.

Ndipo nilipomtazama bosi badala ya saa. Alikuwa amegeuza kichwa chote, anaiangalia skrini ya ramani kwa jicho la kulia, kama kuku anavyotazama punje. Jicho la kushoto, lile linalokuwa upande wa mashine siku zote, lilikuwa na ukungu mweupe katikati. Mambo mengi yakanijia kwa mpigo. Ile chai aliyoimimina nje ya kikombe. Barua alizoniambia nimsomee kwa kuwa eti amesahau miwani, na miwani iko usoni. Rangi za ramani zilikuwa zinamchanganyikia, nyekundu na njano kwake ni kitu kimoja. Alichokuwa bado anakiona ni kile kivuli cheusi cha eksirei alichokizoea tangu ujana. Kwa hiyo alikuwa anakanyaga.

Ningeweza kusubiri tumalize nimwambie faraghani. Ndivyo adabu inavyotaka, na mimi ni mtu wa adabu. Lakini kila nilipofikiria adabu, saa ilikuwa inasonga.

"Daktari, inua mguu," nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mle ndani. "Ramani huioni. Jicho lako halioni."

Ramani aligeuka akamtazama bosi wake, halafu haraka akatazama chini. Mkaguzi alifumbua macho mezani. Mimi nilikuwa nasubiri nitukanwe, hata kufukuzwa, na nilikuwa tayari.

Fundi Cherehani aliinua mguu. Skrini ya eksirei ikawa nyeusi. Mapigo mia mbili na kumi yaliendelea kugonga kwenye kipaza sauti.

"Njoo huku," akamwambia Ramani. "Ushike wewe."

"Daktari, mama yake alisema..."

"Mama yake nitazungumza naye mimi. Njoo."

Wakabadilishana. Alimkabidhi mrija bila kuutikisa, akarudi nyuma, akauvuta mguu wake mbali na pedali kabisa. Ramani hakukanyaga hata mara moja. Alisogeza mkono akiitazama ramani, kushoto, juu, nyuma kidogo, akasimama mahali pekundu kuliko pote, akaagiza moto. Sekunde nne. Mapigo yakakatika, kukawa na kimya kimoja kirefu ambacho hata aliyezoea hakizoei, kisha yakarudi taratibu: sabini na nane.

"Imetulia," Mkaguzi akasema kutoka mezani. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtiririka kwenye masikio. "Shangazi, imetulia."

"Tumeona, mwanangu."

Saa ya mionzi ilikuwa imesimama kwenye dakika kumi na moja.

Nilimkuta Fundi Cherehani kwenye chumba cha aproni, ameketi juu ya kiti cha kukunja.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwaka na nusu. Ni mtoto wa jicho, nimeshaambiwa. Mionzi hiyo, basi." Akacheka kidogo, bila raha. "Nilidhani mkono utafidia."

"Nami nilijua kuhusu beji."

"Najua ulijua. Nani mwingine angeifuta sukari?" Alinyanyuka, akafungua droo ya chai, akaitoa beji katikati ya vijiko, akaibandika kifuani. Halafu akatoka koridoni, akakishusha kile cheti kwa mikono yake, akakiegemeza ukutani kimegeuza uso. Aliniambia niiandikie ofisi ya mionzi ukweli wote, na wake na wangu. Nikamwambia nitaandika kesho asubuhi. Leo nilikuwa na mtu wa kwenda kumwona kwanza.

Mkaguzi alikuwa wodini, amelazwa chali na mguu umenyooshwa, haruhusiwi kuukunja mpaka jioni. Mama yake alinirukia, akanikumbatia, akanishukuru, akawashukuru wote, hata mashine. Fundi Cherehani alikuwa ameshapita na kumweleza nani aliyemaliza kazi, na mama alikuwa ameshasamehe kila kitu kwa sababu ya sabini na nane. Niliogopa furaha ile. Ningeweza kuinywa kidogo na kuondoka zangu.

"Ngapi?" Mkaguzi akauliza. Daftari lilikuwa kifuani pake na kalamu imeshafunguliwa.

"Kumi na moja."

Mama akaniachia.

"Tulisema tano," Mkaguzi akasema.

"Tulisema tano. Tano zilikuwa za kazi. Sita ni zangu. Kengele ililia, nikaizima."

"Kwa nini?"

"Kwa mazoea. Sikuisikia. Kidole kilikwenda chenyewe, nilipokuja kushtuka ilikuwa kumi." Nilikuwa natamani ardhi ipasuke. Nimeshawahi kukosea kazini, nani hajakosea, lakini sijawahi kusimama mbele ya mtu niliyemkosea akiwa amelala chali na ananisikiliza vizuri. "Nisamehe, Mkaguzi. Nilikuahidi."

Alinitazama bila hasira, kwa yale macho ya miaka sita ya kutaka kujua waya unakwenda wapi. Kisha akanipa daftari na kalamu.

"Andika mwenyewe. Na usifupishe."

Niliandika tarehe, dakika kumi na moja, na jinsi zilivyogawanyika. Nikatia sahihi. Alilichukua, akasoma, akajumlisha chini: 423. Nikadhani tumemaliza. Niliweka kalamu kwenye meza ya dawa nikaanza kuaga.

Yeye alikuwa anafunua kurasa kurudi nyuma, moja moja, kupita miaka kumi na tano, kumi, mitano, mpaka kwenye ukurasa wa kwanza kabisa ambako wino wa mama yake umeshapauka. Akaweka kidole pale.

"Shangazi. Hizi mia nne na kumi na mbili. Siku hizo kengele ilikuwepo?"

Mashine ya eksirei ya siku hizo ilishang'olewa, ikauzwa chuma chakavu. Ukiacha Fundi Cherehani na mimi, waliofanya kazi nayo wamestaafu, wengine wametangulia. Pale wodini hapakuwa na mtu hata mmoja wa kunibishia ningesema hapana. Mama yake alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, mkono mdomoni.

"Ilikuwepo, mwanangu," nikamwambia.